Kijana Asiye na Shahada na Chumo Lake



Kila mwaka yanapotoka matokeo ya mitihani ya Kidato cha Nne, nyumba nyingi za huku kwetu Nambambo, na za Nachingwea na Ruangwa kwa jumla, hugawanyika makundi mawili. Nyumba moja hushukuru kwa sauti, na nyumba ya pili hufunga mlango kama iliyofiwa. Mzazi huja kwa mwalimu wa madrasa akasema kwa unyonge: “Maalim, huyu mwanangu ndiyo basi tena. Nimtie kwa fundi tu, nifanyeje?” Neno ninalotaka kulisema leo limo katika hilo neno “tu”.

Shahada ya imani, alhamdulillahi, tunayo sote. Shahada ninayoitaja hapa ni ile ya chuo kikuu. Sitaki msomaji afikiri kwamba naidharau. Elimu ni nuru, na hapana shaka kuwa ukichukua wastani wa nchi nzima, mwenye shahada hupata zaidi kuliko asiye nayo. Mtoto aliyefaulu na asome, na jamaa wamchangie. Lakini watakaofika chuo kikuu ni wachache, na wale wengi waliobaki hawakuumbwa kuwa mzigo. Basi yatupasa tuulize: Je, kijana asiye na shahada aweza kupata chumo la kutosha, na akairidhia kazi yake? Nami nasema aweza, ila kwa masharti ambayo wazazi wengi hawayatazami. Wao hutazama ujira wa siku, na ujira wa siku ni hesabu inayodanganya.

Mwajiri huondoka, ufundi hubaki

Kwanza natupeleke macho yetu nyuma kidogo, kwani ardhi yetu hii ina habari ya kufundisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Mpango wenyewe ulipotangazwa ulitaja zaidi ya ekari milioni tatu. Zililetwa trekta, ikajengwa reli kutoka pwani ya Mtwara mpaka Nachingwea, na watu wakamiminika kutafuta kazi. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 za Kiingereza zilikuwa zimekwisha potea. Waliopanga walikuwa watu wenye elimu kubwa na vyeo vikubwa, lakini walianza kazi kabla ya kuijua ardhi, mvua na udongo vilivyo.

Reli nayo haikudumu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 ilifungwa na vyuma vikaondolewa. Hata leo ipo kata hapa mjini iitwayo Stesheni, na garimoshi hakuna. Baadaye Serikali yetu ikajenga viwanda vya kubangua korosho katika mikoa ya kusini, kimojawapo hapa Nachingwea, navyo vikafungwa kimoja baada ya kimoja.

Mambo haya yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba mwajiri mkubwa huja na huondoka, na anapoondoka humwacha kibarua mikono mitupu. Lakini aliyejifunza kuunga chuma, kutengeneza injini au kujenga ukuta ulionyooka, huondoka na ujuzi wake kifuani. Wazee walisema: ujuzi hauzeeki. Leo Ruangwa kunachimbwa madini ya kinywe, na vijana wetu wanakimbilia huko. Waende, ni haki yao. Ila kijana ajiulize: mgodi huu ukifungwa kesho, mimi nitatoka na nini? Aliyekwenda kubeba mawe atatoka na mgongo unaouma. Aliyekwenda na ufundi wa umeme au wa mitambo atatoka akiwa fundi zaidi kuliko alivyoingia.

Hesabu ya kweli ya ujira

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mapenzi ya kazi bila hesabu hayajazi chungu.

Tuseme fundi mwashi analipwa shilingi 25,000 kwa siku. Nimeweka namba hii kwa mfano, na kila msomaji aweke ya mahali pake. Baba akisikia 25,000 huzidisha mara 30, akapata 750,000 kwa mwezi, akafurahi na kusema mwanawe atampita mwalimu wa shule. Hiyo siyo hesabu. Mvua za masika zinaponyesha ujenzi husimama. Kuna siku saruji haijafika, siku mwenye nyumba ameishiwa fedha, siku ya maziko, siku ya homa. Fundi akipata siku 10 za kazi kwa mwezi, basi kwa mwaka ana siku 120, nazo ni shilingi 3,000,000. Akipata siku 15 kwa mwezi, ni shilingi 4,500,000. Akipata siku 20, ni shilingi 6,000,000.

Linganisha sasa na mwenye mshahara. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000 kwa mwaka kabla ya makato. Katika sekta binafsi, kwa amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, kima cha chini kwa wastani kimepanda kutoka 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Kwa hiyo fundi wetu mwenye siku 20 amesimama bega kwa bega na mtumishi wa chini wa Serikali, na yule mwenye siku 10 yuko nyuma hata ya huyo wa sekta binafsi. Na bado hatujatoa gharama ya vifaa vyake, wala hatujasema kwamba mtumishi akiugua mshahara wake waendelea, na akizeeka ana pensheni.

Tazama basi jambo lililojificha ndani ya hesabu hii. Mafundi hawa wote walilipwa 25,000 ileile. Aliyepata mara mbili ya mwenzake hakuwa na bei kubwa zaidi, alikuwa na siku nyingi zaidi. Basi kijana asihangaike kwanza kuipandisha bei yake ya siku. Ahangaike kuziongeza siku zake za kazi.

Na siku za kazi huongezwa na nini? Huongezwa na watu kukuamini. Nayataja mambo manne.

La kwanza ni ahadi. Ahadi ni deni, na hili ndilo deni ambalo mafundi wengi wamelikopa wasilipe. Fundi cherehani anachukua vitambaa vya nyumba ishirini kwa ajili ya Idi, hali ajua kuwa mikono yake yaweza kumi. Usiku wa mwezi kuandama, kina mama wamejaa kibarazani wanalia. Fundi huyo amepata fedha za Idi moja, na amepoteza wateja wa Idi kumi.

La pili ni kuijua kazi yote. Aliyejua kupanga matofali tu humngoja mwingine apige lipu, na mwingine aweke sakafu. Mwenye kuyajua yote matatu hamalizi kazi mapema akakaa bure.

La tatu ni daftari. Fundi aandike fedha aliyopokea, aliyonunulia vifaa, na iliyobaki kuwa yake. Fedha ya misumari ya mwenye nyumba ni amana. Fundi akiila, kesho hukopa kwa mteja wa pili ili ammalizie wa kwanza, na mwisho huukimbia mji.

La nne ni cheti, nalo nitalieleza mbele.

Kangomba na miezi ya njaa

Wasomaji wa mikoa mingine wataniwia radhi nikisema kidogo habari ya korosho, kwa sababu huku kwetu fedha yote ya mwaka hutazamwa mtini. Mkorosho huchanua wakati wa kiangazi, huvunwa kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba, na minada hufanyika mpaka mwisho wa mwaka au kuvuka kidogo. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mazao yake kwa chama cha msingi, na chama kikuu chetu cha RUNALI, cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, husimamia mnada. Utaratibu huu una lawama zake, lakini walau bei huonekana mbele ya watu.

Shida iko katika miezi ya kati. Fedha ya Desemba ikiisha Februari, na mahindi hayajakomaa, baba hufanya nini? Huja mtu usiku na bakuli lake. Humpa baba fedha kidogo au debe la unga, wakakubaliana kwamba msimu ukifika atalipwa korosho, kwa kipimo cha bakuli na kwa thamani ndogo mno kuliko ya mnadani. Hiyo ndiyo kangomba. Serikali imeipiga marufuku. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi wauzaji wahakikiwe mashamba yao, kwani ilijulikana kuwa wengi wa wenye magunia hawana hata mkorosho mmoja.

Na sisi Waislamu tuna sababu zaidi ya kuiepuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda ya mti kabla ya kuonekana kupevuka kwake. Aliruhusu kutanguliza fedha kwa bidhaa itakayoletwa baadaye, lakini kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Bakuli la kangomba, linalopanuka kila mwaka, na maua ya mkorosho ambayo haijulikani kama yatashika, yako wapi na masharti hayo?

Hapa ndipo ufundi unapoonyesha thamani yake ya kweli. Nyumba yenye mikorosho na cherehani moja haifanani na nyumba yenye mikorosho peke yake. Mama anayeshona sare za shule mwezi wa Januari, kijana anayetengeneza pikipiki mwezi wa Machi wakati barabara ni tope na mashine zinaharibika, hao huleta fedha ya unga katika miezi ileile ya bakuli. Hata ikiwa ni fedha ndogo, huizuia korosho isiuzwe ikingali ua. Basi chumo la fundi huyu lisihesabiwe kwa zile shilingi elfu chache alizoleta peke yake. Lihesabiwe pamoja na yale magunia yaliyofika mnadani salama kwa sababu yake.

Kwa ajili hiyo husikitika nikimwona mzazi anauza shamba la mikorosho, lililopandwa na babu, ili ampeleke mtoto katika kozi ambayo hakuiuliza inafundisha nini, wala inatambuliwa na nani, wala waliomaliza wako wapi. Kusoma ni kuzuri. Lakini mti uliokuwa ukilisha watu wanane umekwenda, na karatasi iliyorudi haijamlisha hata mmoja. Kabla ya kuuza, uliza mambo matatu hayo. Ukijibiwa vyema, tawakali. Usipojibiwa, ngoja.

Kumtia mtoto kwa fundi

Mzazi akisha kuamua, asimtupe mtoto kwa fundi kama anayetupa mzigo. Zamani mtoto alikabidhiwa kwa fundi kwa maneno mbele ya mashahidi, kama vile alivyokabidhiwa kwa mwalimu wa chuo. Siku hizi kijana huenda mwenyewe, akapewa koleo, na miaka mitatu baadaye yungali akikoroga udongo, anaitwa saidia fundi. Huo si uanagenzi, ni utumishi.

Yafaa baba na fundi waandikiane: mafunzo ni ya muda gani, atafundishwa nini mwaka wa kwanza na nini mwaka wa pili, atapewa chakula au posho kiasi gani, na lini ataachiwa kazi nzima aifanye kwa mkono wake. Mwambie fundi kwa heshima: “Fundi, mwanangu nimekuletea kama nilivyompeleka kwa Maalim. Makosa yake unionyeshe, na kazi yako umwonyeshe.” Fundi mwema hatachukia neno hilo. Anayechukia, mzazi amekwisha mjua.

Aidha, vipo vyuo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika mkoa wetu kuna chuo chake Lindi na kingine Ruangwa. Jirani zetu wa Masasi wanacho Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, katika vile vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1975. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kijana au hata mtu mzima aliyejifunza kazi mtaani, bila kukaa darasani, anaweza kupimwa na VETA katika ujuzi alio nao, na akifaulu hupewa cheti. Huitwa urasimishaji wa ujuzi.

Cheti hicho kina kazi gani? Mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za kupambana na athari za UVIKO-19, na kazi nyingi za namna hiyo hupewa mafundi wa palepale kijijini badala ya kampuni kubwa. Kamati ya shule inapochagua fundi, mwenye cheti na mwenye akaunti ya benki huwa mbele. Na fundi wa umeme atakaye kutandaza nyaya za nyumba kihalali hana budi kuwa na leseni ya EWURA. Basi cheti ni ufunguo wa zile siku za kazi tulizozihesabu.

Ama mtaji, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba, na kwa Muislamu hilo si dogo. Ila ni deni, na deni hulipwa. Vijana watano wanaounda kikundi ili kuchukua fedha na kugawana, hao hawakukopa, wamejitia fedheha tu.

Kuridhika ni nini?

Limebaki swali la moyo. Wapo wanaopata mshahara mzuri na kila asubuhi huamka kwa huzuni, na wapo mafundi wanaoimba kazini. Je, fundi huridhika kwa sababu gani?

Mimi mwenyewe elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi, na maisha yangu yote nimefundisha. Nimeona wanafunzi wangu wakikua, na haya ndiyo niliyoyaona kwa wale waliotosheka. Seremala huiona kazi yake kwa macho: asubuhi palikuwa na mbao, jioni pana mlango, na mlango huo utafungwa na kufunguliwa miaka thelathini. Fundi pia huhitajiwa na jirani zake, na mtu anayehitajiwa hajioni kuwa si kitu. Tena aghalabu yeye ndiye mwenye wakati wake. Ikiadhiniwa adhuhuri huweka randa chini akaenda, bila ya kuomba ruhusa. Na kila mwaka hujua jambo ambalo mwaka jana hakulijua.

Lakini tusiwadanganye vijana. Kazi ya mkono huchosha mwili. Msumeno hukata vidole, moto wa kuunga vyuma huharibu macho ya asiyevaa kinga, na mwashi wa miaka hamsini hapandi jukwaa kama wa ishirini. Basi fundi na ajiwekee akiba ya uzee angali na nguvu. NSSF huwapokea waliojiajiri wakachangia kwa hiari yao. Na ajitahidi, akifika makamo, awe ndiye afundishaye na asimamiaye, na wanagenzi ndio wapande juu.

Wala haya si ya wavulana peke yao. Binti aliyejua kushona, kupika kwa biashara, au kubangua korosho vizuri pasipo kuzivunja, ana kinga mkononi siku mume atakapougua au kufariki. Korosho zetu nyingi bado huuzwa ghafi zikaenda kubanguliwa India na Vietnam, na kila inayobanguliwa hapa nyumbani ni ujira uliobaki kwa mama zetu.

Tunasoma kwamba Nabii Daudi, juu ya ufalme wake, alilainishiwa chuma akatengeneza mavazi ya vita, na akala kwa kazi ya mkono wake. Na kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala. Watu hawa hawakutiwa kwa fundi “tu”.

Basi, ewe mzazi, matokeo yajayo yakitoka na mwanao hakupata alichokitaka, usifunge mlango. Muulize mikono yake yapenda nini. Mtafutie fundi mwenye kutimiza ahadi. Mwekee daftari na kalamu mfukoni, na baadaye mpeleke akapimwe apate cheti. Na shamba la babu liache lisimame.

Wabillahi tawfiq.